Kufunga kadi rida ndani ya kompyuta ya mezani

Nimeshanunua kadi rida tatu, vile vifaa vya kusomea kadi za kamera, za kuchomeka nje. Moja ilivutwa waya ikaanguka, ya pili sijui iliondoka na mteja gani, ya tatu ililegea mdomo. Ya nne nikaamua ikae ndani ya kesi, yaani kasha la kompyuta, mbele, kwenye tundu ambalo zamani lilikuwa la flopi, zile diski za kale. Sasa wapiga picha wa harusi wanakuja hapa steshenari, wanachomeka SD zao, tunasafisha picha, wanaondoka, rida ipo palepale.

Kabla hujanunua, pima tundu. La flopi ni la inchi 3.5. Kesi nyingi za siku hizi hazina. Kama unaliona lile pana la DVD tu, la inchi 5.25, nunua na fremu ya kulipunguza.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa, umeme uliobaki kwenye pawasaplai uishe. Kama mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, ina kitaa, subiri kizimike. Gusa chuma cha kesi kwanza ndipo ushike vya ndani.

Kile kiplastiki cha mbele kisukume kutokea ndani. Ukikichokonoa na bisibisi kwa nje utavunja ndoano zake, na hapo kesi inabaki kibogoyo. Tanguliza waya, fuatisha rida mpaka uso wake ulingane na wa kesi. Tumia skrubu ndogo zenye meno ya karibukaribu, kama zinazofunga DVD. Za diski kubwa ya kuhifadhia (hard disk) meno yake yameachana. Ukilazimisha unaua hesi.

Sasa taratibu, maana hapa ndipo nilipounguza rida.

Mwisho wa waya kuna plagi nyeusi yenye safu mbili za matundu matano matano, moja likiwa limezibwa. Kwenye mazabodi tafuta pini tisa zilizopangwa hivyohivyo, tano na nne, pembeni pakiwa na maandishi yenye neno USB, kama F_USB1 au JUSB1. Mashine yangu ya zamani ilikuwa na pini nyingine za sura ileile, hata pengo lake liko palepale, ila zimeandikwa 1394. Ni za FireWire, aina nyingine ya kuunganisha vifaa. Plagi iliingia laini kabisa, nikajisifu. Kumbe zile zina volti 12, na USB inataka 5. Nilipowasha nikasikia harufu, basi. Kwa hiyo mulika na tochi ya simu usome maandishi, hata kama ni madogo kama chawa.

Plagi ikiwa kubwa, ya pini 19, ni ya USB 3.0. Iingize wima, usiiyumbishe. Pini zake hupinda upesi.

Ukiwasha, Windows itaitambua bila draiva ya kuweka. Rida ya matundu mengi huweza kuleta herufi za diski tatu nne mpya, zote tupu, na flashi uliyozoea kuiona kwenye E ikahamia kwingine. Ikikukera, bonyeza kulia kwenye Start, ingia Disk Management, ubadili herufi.

Jaribu kwanza na kadi yako, si ya bwana harusi.