Triga ya Flashi Inapowaka Mara Moja na Kukataa Mara ya Pili: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Triga, yaani kifaa cha redio kinachoiamuru flashi iwake kamera inapopiga picha, ikifa kabisa humsumbua mpiga picha kidogo kuliko ile inayowasha flashi mara nne na kukataa mara ya tano. Kosa linalojirudia kila mara hukamatwa upesi, lakini kosa la kuja na kuondoka humshawishi mtu abadilishe betri, chaneli na mahali pa stendi kwa mkupuo mmoja, apate picha mbili nzuri, aamini kwamba amemaliza, kisha flashi imgomee tena kazi ikiwa imepamba moto. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya utafutaji huu ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja na kukijaribu kabla ya kugusa kingine. Kanuni ya pili, ambayo naiona kuwa muhimu zaidi, ni kutokimbilia kuyalaumu mawimbi ya redio, kwa sababu kati ya kidole kinachobonyeza kitufe cha shata (mlango wa kamera unaoruhusu mwanga uingie) na mwanga unaotoka kwenye flashi kuna hatua kadhaa, na redio ni mojawapo tu.

Anza kwa kuisoma picha

Kabla ya kufungua kifaa chochote, tazama kwa makini picha zilizoharibika, kwa maana aina ya uharibifu hukuonyesha pa kuanzia. Picha ambayo haina mwanga wa flashi hata kidogo ina maana kwamba flashi haikuwaka, au iliwaka wakati shata imefungwa. Ikiwa wewe mwenyewe uliuona mwanga lakini haumo kwenye picha, tatizo ni la wakati wala si la ishara kupotea. Picha yenye mwanga hafifu kuliko zilizotangulia huonyesha kwamba ishara ilifika salama, ila flashi ilikuwa haijajaza chaji.

Dalili inayowachanganya watu wengi ni utepe mweusi ulionyooka kando ya ukingo mrefu wa picha, mara nyingi upande wa chini. Shata ya kamera nyingi zenye lenzi za kubadilisha ina mapazia mawili yanayofuatana, na kuna kasi ya mwisho, kwa kawaida karibu na 1/200 au 1/250 ya sekunde, ambayo sensa, yaani sehemu inayonasa picha, yote bado huwa wazi kwa kitambo kidogo. Triga huongeza ucheleweshaji mdogo katika kupokea ishara, kuitafsiri na kuituma, hivyo mwanga ukifika pazia la pili limekwisha kuanza kuifunika sensa. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe ujaze picha yote, kisha piga kwa 1/250, 1/200, 1/160 na 1/125. Utepe ukipungua kadiri unavyopunguza kasi na hatimaye ukatoweka, triga yako haina ugonjwa. Ina mpaka wake, na unapaswa kufanya kazi chini ya mpaka huo. Ukuta mweupe ni wa lazima katika jaribio hili, kwa kuwa utepe mwembamba hujificha kabisa kwenye mandhari yenye giza na hujitokeza baadaye, pale unapoing'arisha picha kwenye kompyuta.

Ikiwa unahitaji kasi kubwa zaidi ya hapo, kamera, triga na flashi vyote vitatu lazima viwe na uwezo wa usawazishaji wa kasi ya juu, yaani flashi kumulika mfululizo muda wote mapazia yanapopita, na uwezo huo uwe umewashwa. Triga za bei nafuu zinazopeleka amri moja tu ya “waka” haziwezi kazi hiyo, na hakuna mpangilio utakaozifanya ziiweze.

Gawanya njia ya ishara vipandevipande

Weka flashi kwenye nguvu ndogo, kwa mfano 1/64 ya nguvu yake yote, ili muda wa kujaza chaji usiingilie majaribio, kisha isimamishe mita mbili au tatu kutoka kwenye kamera pasipo kizuizi. Bonyeza kitufe cha kujaribu kilicho kwenye flashi yenyewe, mara kadhaa. Ikiwaka kila mara, bonyeza kitufe cha kujaribu kilicho kwenye kitumaji, yaani triga inayokaa juu ya kamera. Hapo nako ikiwaka bila kukosa, piga picha 20 kwa kubonyeza shata, ukiacha sekunde chache kati ya picha na picha, na uandike ni ya ngapi iliyokosa mwanga.

Matokeo ya hatua hizi tatu yanakupunguzia kazi kwa kiasi kikubwa. Flashi ikikataa kitufe chake yenyewe, achana na triga na uichunguze flashi. Ikikubali kitufe chake lakini ikakataa cha kitumaji, shida imo katika redio, kipokezi (kifaa kinachopokea ishara upande wa flashi) au waya unaokiunganisha na flashi. Ikikubali vitufe vyote viwili na kukataa shata pekee, kosa liko kati ya kamera na kitumaji, na hapo kuhangaika na chaneli ni kupoteza muda. Usiridhike na picha tatu au nne zilizofaulu. Kosa linalotokea mara moja katika mara kumi linaweza kabisa kujificha katika majaribio manne.

Mahali triga inapokutana na kamera

Kikalio cha flashi kilicho juu ya kamera hupitisha amri kwa njia rahisi sana: kituo cha chuma kilicho katikati huunganishwa na reli za pembeni pale shata inapofunguka kikamilifu. Jasho, vumbi, kutu nyepesi na rangi iliyobaki kwenye reli vyote vinatosha kuikatiza njia hiyo. Mulika kikalio kwa mwanga wa upande na ukitazame kwa karibu. Katika kamera iliyokwisha kutumika utaona mchubuko mwembamba unaong'aa juu ya kituo cha katikati, ambao ni alama ya pini ya triga inapoteleza kuingia. Mchubuko huo ukiishia kabla ya kufika katikati, au ukienda upande, maana yake triga haiingii hadi mwisho au imelegea kwenye reli.

Zima kamera, safisha kituo na reli kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo spiriti ya isopropili, subiri ikauke, kisha sukuma triga mbele hadi igote ndipo uikaze. Baadaye piga picha huku mtu mwingine akiitikisa triga polepole. Flashi ikikosa kuwaka kwa kufuata mtikisiko huo, umeshapata jibu.

Hapa kuna jambo ambalo huwatesa wanaonunua vifaa bila kuambiwa. Kamera za Canon EOS 2000D, 4000D na 250D, zilizotoka mwaka 2018 na 2019, hazina kile kituo cha katikati. Triga inayokitegemea kituo hicho pekee haitaiwasha flashi kamwe ikiwa juu ya kamera hizo, hata iwe nzima kiasi gani. Inahitajika triga inayowasiliana kwa vituo vidogo vya Canon vyenyewe.

Angalia pia menyu ya kamera. Katika kamera nyingi, shata ya kielektroniki au hali ya kupiga picha kimyakimya huzuia flashi isiwake, na mtu anaweza kuiwasha kwa ajili ya hafla tulivu kisha akasahau kuirudisha kwenye shata ya kawaida.

Betri, na taa ndogo zinazodanganya

Taa ya kijani kuwaka kwenye triga si ushahidi kwamba betri ni nzima. Taa hiyo hutumia umeme kidogo mno, ilhali kutuma ishara ya redio kunahitaji mkondo mkubwa zaidi kwa muda mfupi, na betri iliyochoka huangusha volti zake katika muda huohuo. Betri ya alkalini huanza na volti 1.5 na kushuka taratibu, wakati ile ya kuchaji ya nikeli huanzia karibu na volti 1.2 na kushikilia hapo karibu hadi mwisho. Badilisha betri zote za kifaa kwa pamoja, wala usichanganye mpya na kuukuu, au aina moja na nyingine.

Tazama vilevile springi na vibati vya mwisho. Unga mweupe au wa kijani kibichi hutokana na betri iliyovuja. Katika betri za alkalini uondoe kwa tone la siki kwenye kijiti cha pamba, kisha pitisha spiriti na uache pakauke kabisa. Springi iliyobonyea ivutwe kidogo kwa uangalifu, maana mgusano dhaifu hapa huonekana sawasawa na kosa la redio: kifaa hufanya kazi mezani na kukataa kinapotikiswa.

Upande wa flashi, zingatia muda wa kujaza kapasita, yaani sehemu inayohifadhi umeme wa kuwashia mwanga. Flashi ndogo ya betri ikipigwa kwa nguvu yote inaweza kuhitaji sekunde kadhaa, na katika flashi nyingi taa ya kuashiria utayari huwaka kabla kapasita haijajaa kabisa. Mpangilio wa makosa hukufunulia mengi hapa. Zikikosa picha za pili na za tatu za mfululizo, flashi inaachwa nyuma, na dawa yake ni kushusha nguvu na kuongeza ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) au kufungua lenzi zaidi. Makosa yakianza baada ya mapigo mengi ya nguvu kubwa, huenda flashi imejizuia kwa sababu ya joto. Ikikosa picha ya kwanza tu baada ya kimya cha dakika chache, basi flashi au triga imelala; zima mpangilio wa kulala kwenye vifaa vyote viwili, kwa kuwa triga nyingi hazina uwezo wa kuiamsha flashi iliyolala.

Redio yenyewe

Ukishafika hapa ndipo inapofaa kuyashuku mawimbi. Hakikisha kwanza kwamba chaneli, kundi na namba ya utambulisho, kama ipo, vinalingana kwenye kila kifaa. Triga nyingi za sasa hutumia masafa ya GHz 2.4, ambayo yanatumiwa pia na Wi-Fi, Bluetooth na jiko la maikrowevu. Unapobadilisha chaneli usisogee hatua moja tu. Ruka mbali, kwa sababu mtandao mmoja wa Wi-Fi hufunika masafa mapana kuliko chaneli moja ya triga. Baadhi ya triga zinaweza kukagua na kukuonyesha chaneli zilizo tulivu, na inafaa kufanya ukaguzi huo ukumbi ukiwa umejaa watu wenye simu zao, wala si asubuhi ukiwa mtupu.

Mawimbi ya masafa hayo yana urefu wa sentimita 12.5 hivi, na hunyonywa vizuri na maji, ikiwemo miili ya watu. Chuma huyarudisha. Kipokezi kilichobanwa nyuma ya mlingoti wa stendi, au kilichofichwa nyuma ya softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) yenye kitambaa cha rangi ya fedha ndani, kinaweza kukosa ishara kwa umbali mfupi wa kushangaza. Kiinue juu ya vichwa vya watu, kigeuze robo mzunguko, au kining'inize kwa waya mfupi ili kiione kamera. Mimi hujaribu kukisogeza kipokezi kabla ya kugusa menyu yoyote, kwa sababu sentimita chache mara nyingine hutosha.

Umbali mfupi mno nao huleta matatizo, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kipokezi kikiwa karibu sana na kitumaji, ishara hukizidi nguvu na kikashindwa kuisoma. Baadhi ya triga za kampuni ya Godox zina chaguo la umbali, mita 0 hadi 30 au mita 1 hadi 100. Anayepiga picha za vitu vidogo mezani achague la kwanza.

Flashi inayowaka yenyewe bila kuamriwa aghalabu inaitikia triga ya mpiga picha mwingine aliye kwenye chaneli hiyohiyo, au imeachwa katika hali ya kuitikia mwanga. Katika hali ya mwanga, flashi nyingi zina mipangilio miwili: S1 huitikia mwako wa kwanza inaouona, na S2 huruka mwako wa awali wa kupimia mwanga. Ukitumia S1 pamoja na flashi kuu yenye kipimo cha kiotomatiki, flashi ya pembeni itawaka mapema na picha itatoka bila mwanga wake.

Kosa linapobaki

Kama kipokezi kinaunganishwa kwa waya, badilisha waya kabla ya kukihukumu kipokezi. Plagi ya milimita 3.5 ambayo haijaingia hadi mwisho ni chanzo cha kawaida cha makosa ya kuja na kuondoka. Flashi za zamani sana zipimwe volti za kuwashia kwa mita kabla ya kuunganishwa na triga, kwani baadhi yake huzidi volti 200 na zinaweza kuiunguza triga au kamera. Kwa vifaa vya sasa, hasa unapochanganya kamera mpya na triga ya toleo la zamani, angalia kama mtengenezaji ametoa programu mpya ya ndani.

Mwishowe badilishana vifaa: tumia kitumaji kilekile na kipokezi kingine, kisha kipokezi kilekile na kitumaji kingine. Kosa litakifuata kifaa kimojawapo. Kibandike utepe wenye alama siku hiyohiyo kisije kikarudi mkobani pamoja na vizima. Usiifungue flashi mwenyewe, maana kapasita yake hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuzimwa. Mpelekee fundi pamoja na maandishi yako ya majaribio: umbali, aina ya betri, chaneli, na ni picha ya ngapi iliyokosa mwanga.