Una gitaa na wimbo mpya? Upige mbele za watu kwanza, ndo uende studio

Wasanii wengi wanaoimba na gitaa lao peke yao wanaanza na studio, wimbo unatoka, halafu ndo wanahangaika kutafuta pa kuupiga. Mimi naona iwe kinyume. Kama huna bendi, huna meneja, huna hela ya promo, wale watu thelathini arobaini waliokaa kwenye mgahawa Ijumaa usiku ndo watakaokwambia wimbo umeiva au bado, na watakwambia kabla hujamlipa prodyuza hata mia.

Ila usiwaulize. Ukiuliza kila mtu atakwambia mkali sana kaka, basi. Weka simu nyuma kabisa ya ukumbi irekodi, ukifika nyumbani sikiliza kelele za watu, achana na sauti yako. Ubeti wa kwanza kimya, kwenye kiitikio kuna mmoja anaguna "mmh", ubeti wa pili vijiko vinaanza kugonga sahani na stori za mezani zinapanda, yaani hapo ushajua ubeti wa pili ni mrefu au unarudia yaleyale ya ubeti wa kwanza. Kata mistari minne, wiki ijayo upige tena ukumbi mwingine kwa watu wengine. Siku wageni wasiokujua kabisa wanaitikia kiitikio cha mwisho bila kuombwa, huo sasa wa kupeleka studio. Bila kuombwa nimesema, maana ukishatamka "naomba wote tuimbe pamoja" umeharibu kipimo.

Wimbo mpya usiuweke wa kwanza wala wa mwisho. Shoo ya dakika 40 ni kama nyimbo 8 au 9 hivi, na mahotelini lazima utaombwa zilipendwa, zipige tu hamna dhambi (kuna ile moja watalii wote wanaitaka, utaichoka mpaka basi), sasa wako uupachike baada ya zilipendwa iliyowachangamsha. Intro iwe fupi. Watu wakisikia gitaa tupu nusu dakika nzima wanadhani bado unatuni.

Na kwa kuwa huna ngoma wala besi, dole gumba ndo litafanya hiyo kazi. Msikilize Mwenda Jean Bosco wa Katanga kule Kongo, yule aliyerekodiwa mwaka 1952 na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mtu mmoja na gitaa kavu (lisilo la umeme) anaimba Kiswahili, chini besi inatembea, juu vidole vinajibu, hutamani hata bendi. Fanya mazoezi dole gumba lisisimame hata ukisahau mashairi.

Sasa mitambo, hapa ndo wengi wanaaibika. Gitaa kavu likichomekwa kwenye spika kubwa linaanza kuunguruma lenyewe hata hujaligusa, sababu sauti ya spika inatikisa mbao ya gitaa na kuingia kwenye lile tundu, pikapu (kile kinasa sauti cha gitaa) inaidaka inairudisha kwenye spika, inazunguka hivohivo haiishi. Simama nyuma ya mstari wa spika kubwa, ziba tundu la gitaa na ule mpira wa kulizibia, na fundi mitambo mwambie apunguze besi kwenye chaneli ya gitaa kabla hajagusa volyumu. Monita (ile spika ya kujisikilizia) ikae chini mbele yako ikitazama mgongo wa maiki, maana maiki kama Shure SM58 inasikia mbele na kukwepa nyuma, na ukiichomoa kwenye stendi usikishike kile kichwa chake kama rapa, hapo itaanza kusikia kila upande na mluzi juu. Nyuzi mpya funga siku moja au mbili kabla, ukifunga siku ya shoo zitalegea usiku kucha. Beba betri ya akiba ya gitaa. Umeme ukikatika usikae kungoja jenereta, shuka katikati ya meza uimbe hivohivo, watu watakukumbuka kwa hilo kuliko shoo yote.

Studio sina mengi. Ingia na wimbo ulionyooka, rekodi gitaa na sauti, ongeza kidogo tu, la sivyo aliyekusikia jukwaani hatautambua. Ila mgao na prodyuza muandikiane kabla, hata nusu ukurasa, tena na sahihi. Halafu usajili, Tanzania ni COSOTA (hakimiliki) na BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), Kenya hakimiliki ni KECOBO.

Kuachia: mpe msambazaji, yaani kampuni inayoupeleka wimbo kwenye mitandao ya muziki (DistroKid, TuneCore, wapo wengi), wiki nne kabla, faili iwe WAV (sauti isiyobanwa) sio ile MP3 uliyorushiwa WhatsApp, picha ya kava pikseli 3000 kwa 3000, na jina lako liandikwe vilevile kila mahali. Ukitaka wahariri wa Spotify, wale wanaopanga pleilisti, wausikie unawatumia kupitia Spotify for Artists angalau siku 7 kabla haujatoka, ukishatoka umechelewa. Boomplay na Audiomack usiziache, huku watu wengi wako huko. Na kama mashabiki wako ni wa pwani angalia kalenda, Ramadhani sio mwezi wa kuachia ngoma.

Kitu ambacho wengi hawakijui, broadcast ya WhatsApp (meseji moja unayowatumia wengi kwa mpigo) haimfikii mtu ambaye hajasevu namba yako. Kwa hiyo kila shoo, ukishapiga ule wimbo mpya, waambie wasevu namba palepale wakutumie jina la wimbo, wewe uwaweke kwenye listi, na listi moja inabeba watu 256 tu. Siku ukiachia hao ndo wa kwanza kupata linki.

Ukipata video nzuri ya ukumbini itunze, ukija kuomba nafasi kwenye tamasha la Sauti za Busara kule Zanzibar utakuwa na cha kuwaonyesha, wale wanataka laivu tupu, pleibeki hapana.

Hela ya mitandao inachelewa miezi miwili mitatu, na Spotify wimbo usiofika strimu 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi. Kodi ya nyumba iko ukumbini. Mkubaliane na mwenye ukumbi mapema, kianzio shingapi, kiingilio mnagawana vipi, mitambo ya nani, msosi upo, na saa sita usiku unarudi na nini. Lipa namba (ya kupokelea hela kwa simu) iandike kubwa kwenye kadi uibandike kwenye stendi ya maiki, watu wetu kutuza wanapenda sana ila siku hizi noti hawatembei nazo.