Fumbo la shamba: jinsi ya kupata mlinganyo wake

Wanafunzi wangu wa tuisheni hapa Dodoma ukiwaandikia 4x + 40 = 200 wanaumaliza kabla hujaweka chaki chini. Wape shamba lenye maneno, kalamu zote kimya. Basi leo shida yetu ni kuuunda mlinganyo tu.

Shamba la zabibu kule Hombolo lina umbo la mstatili. Urefu unazidi upana kwa mita 20. Seng'enge ya mita 200 imelizunguka mara moja, haikubaki wala kupungua. Tafuta eneo.

Hatua ya 1: Chora. Hata kama mchoro umepinda.

Hatua ya 2: Chagua herufi moja, umpe mdogo. Jiulize kwanza, nani mkubwa? Urefu. Basi upana ni x, urefu ni x + 20. Wengi huanguka hapa: wanaona "upana kwa mita 20" na kuandika upana ni x + 20, urefu ni x. Andika vipimo kwenye pande zote nne, hata zinazolingana.

Hatua ya 3: Seng'enge inazunguka, kwa hiyo mita 200 ni mzingo. Tembeza kidole juu ya mchoro, jumlisha kila upande unaoupitia:

x + (x + 20) + x + (x + 20) = 200

4x = 160, x = 40. Usifunge daftari, hatukuulizwa upana! Urefu ni 60, eneo ni mita za mraba 2,400. Zaidi kidogo ya nusu ekari.

Kwa nini kidole na si kanuni ya mzingo? Tuseme upande mmoja mrefu umepakana na ukuta wa jirani, hauhitaji seng'enge. Aliyekariri kanuni ataandika mlinganyo uleule. Kidole kinapita pande tatu:

x + x + (x + 20) = 200

x = 60, urefu 80, eneo 4,800. Seng'enge ileile, shamba mara mbili. (Jirani asisikie.)

Fumbo likiwa la pembe za pembetatu, jumla yake ni nyuzi 180. Mengine ni yaleyale.

Hatua ya 4: Hakiki kwa maneno ya fumbo, usihakiki kwa mlinganyo wako. Mlinganyo uliokosewa nao hukubaliana na jibu lake. Soma tena: 80 inazidi 60 kwa 20? Ndiyo. 60 + 60 + 80 ni 200? Ndiyo. Sasa funga daftari.