Ngozi ya mtoto inapochubuka ndani ya viatu vya mguu kifundo

Mtoto mwenye mguu kifundo, yaani aliyezaliwa na mguu uliopinda kuelekea ndani na chini, akishamaliza plasta za njia ya Ponseti (kuunyoosha mguu kidogo kidogo kwa plasta zinazobadilishwa) huvishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma. Miezi 3 ya kwanza anakaa navyo saa 23 kwa siku. Saa moja inayobaki ni ya kuoga na kupumzisha ngozi. Baadaye huvivaa usiku na wakati wa usingizi wa mchana, jumla saa 12 hadi 14, mpaka afikishe miaka 4 au 5. Matatizo ya ngozi huja zaidi siku za mwanzo, wakati ngozi bado ni laini kwa kufunikwa wiki kadhaa na mzazi ndiyo kwanza anajifunza kufunga mikanda.

Ngozi ikiwa nyekundu, mzazi hukimbilia mambo mawili: kulegeza mkanda na kupaka mafuta. Yote mawili huzidisha tatizo. Mkanda ukilegea kisigino hupanda, na kila mtoto anaporusha miguu kinasuguana na ukuta wa nyuma wa kiatu. Mafuta nayo hulainisha ngozi, na ngozi laini yenye unyevu huchubuka upesi kuliko kavu. Kwa hiyo kabla ya kutafuta dawa, angalia kwanza kisigino kiko wapi.

Alama ya kawaida na isiyo ya kawaida

Kiatu kilichofungwa vizuri lazima kiache alama. Mvue mtoto, kisha tazama saa. Alama hafifu inayofifia ndani ya dakika 20 hadi 30 haina shida. Inayobaki baada ya hapo, au doa lenye rangi kali mahali pamoja, ni ngozi inayogandamizwa au kusuguliwa, na itakuwa lengelenge usipoishughulikia siku hiyo hiyo.

Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa. Tafuta doa lililo jeusi zaidi au la zambarau, linalong'aa, lililo gumu au lenye joto kuliko ngozi ya pembeni yake. Joto lipime kwa mgongo wa kidole chako, si kwa kiganja. Kagua kwenye mwanga wa mchana. Taa ya chumbani huficha mengi.

Siku 2 au 3 za mwanzo vua viatu na soksi mara 3 au 4 kwa siku, dakika chache tu kila mara, utazame kisigino, mgongo wa mguu, pande zote mbili na katikati ya vidole. Baada ya hapo, ukaguzi wa wakati wa kuoga na mwingine kabla ya kulala unatosha, maadamu hakuna doa jipya.

Mahali pa doa panakueleza kosa

Doa au lengelenge nyuma ya kisigino: mkanda umelegea. Karibu kila mara jibu ni hilo, ingawa mzazi akiliona husadiki kwamba amekaza kupita kiasi.

Doa juu ya mgongo wa mguu, chini ya mkanda wa kati, lina sababu mbili, na ni vizuri kuzitofautisha. Ya kwanza ni ndogo: ulimi wa kiatu umekaa upande au umejikunja, hivyo mkanda unakata ngozi moja kwa moja. Unyooshe, uhakikishe unafunika sehemu yote inayopitiwa na mkanda. Ya pili ni kisigino kisichoshuka. Kisigino kikiwa juu, mgongo wa mguu unausukuma mkanda kutoka ndani, na ukiulegeza kisigino kinapanda zaidi, mguu unausukuma tena. Unaweza kuzunguka hivyo wiki nzima. Dawa ni kukishusha kisigino, kisha kukaza.

Wekundu ubavuni karibu na kidole kidogo huletwa na mshono wa soksi, kidole kilichojikunja, au kiatu kilichokuwa kidogo. Vidole vikianza kujikunja kwenye ukingo wa mbele, ni wakati wa kuomba saizi nyingine. Wekundu upande wa ndani, chini ya kidole gumba, uangalie kwa makini zaidi: pengine mguu umeanza kurudi ndani na unausukuma ukuta wa kiatu. Hilo ni la kliniki, soksi haitalitatua.

Vipele vidogo vingi visivyo na mahali maalumu, hasa kwenye mikunjo, kwa kawaida ni jasho na joto. Vyenye magamba au majimaji katikati ya vidole huenda ni fangasi. Vyote hivyo haviponi kwa kurekebisha mkanda.

Kuvisha upya, kisigino kwanza

1. Chagua wakati ambapo mtoto ameshiba na ametulia. Mikono yako na miguu yake iwe mikavu.

2. Kama mtoto hapingi, anza na mguu uliokuwa umepinda zaidi. Kama ni wa kurusha miguu, anza na ule ulio nafuu, kwa sababu mara nyingi mguu wa pili atausukuma mwenyewe ndani ya kiatu.

3. Fungua mikanda yote kabisa, vuta ulimi juu. Kunja goti la mtoto nyuzi 90 hivi. Goti likinyooka, msuli wa shavu la mguu huvuta kano ya kisigino na kisigino hakishuki hata ukikaza vipi.

4. Ingiza mguu, sukuma kisigino nyuma na chini mpaka kiguse soli. Kwa kidole gumba cha mkono mmoja bana ulimi wa kiatu palepale mbele ya kifundo, na kwa mkono mwingine funga mkanda wa kati. Huo ndio unaoshikilia kisigino. Kama kiatu ni cha kamba, mkanda huo huo hufungwa kabla ya kamba.

5. Funga mikanda mingine au kamba kwa kiasi cha kushikilia tu, kisha rudi kwenye mkanda wa kati ukaze tundu moja zaidi kama linafika. Hatua hii ya kurudi hurukwa sana, na ndipo ulegevu unapoanzia.

6. Pima. Viatu vingine vina matundu nyuma ya kuchungulia kisigino, kichungulie. Visipokuwa nayo, chora mstari kwenye soli ya ndani pale ncha za vidole zinapofikia, kisha shika mguu wa mtoto juu ya kifundo uvute na kuachia taratibu. Vidole vikirudi nyuma ya mstari, kisigino kinacheza. Fungua uanze tena.

7. Tazama vidole: vyote vinyooke, kisiwepo kilichokunjwa chini. Bonyeza kimoja mpaka kipauke, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Kwa ngozi nyeusi bonyeza ukucha au upande wa chini wa kidole. Vidole vikiwa vya baridi, vya bluu au vimevimba, fungua mara moja na usubiri rangi irudi ndipo uvishe tena.

Ukishapata mkazo sahihi, weka alama ya kalamu kwenye tundu la mkanda. Walezi wote watumie tundu hilo. Mtoto anayevishwa na watu watatu kwa mikazo mitatu hawezi kuacha kuchubuka.

Usisahau chuma chenyewe. Skrubu hulegea, na kiatu kikigeuka pembe hubadilika. Kwa kawaida mguu wenye tatizo huelekezwa nje nyuzi 60 hadi 70, na mguu usio na tatizo nyuzi 30 hadi 40, huku urefu wa chuma ukilingana na upana wa mabega ya mtoto. Chora mstari mdogo unaovuka soli na chuma ili ukigundua umeachana ujue kuna kilichosogea. Chuma kilichopindwa kidogo kinatakiwa mbinuko wake uelekee mbali na mtoto. Kikigeuzwa, ncha za miguu huelekea chini na kisigino hakitakaa kamwe.

Soksi

Pamba, ya kubana vizuri, isiyo na mikunjo, na inayopita juu ya kila mahali kiatu kinapogusa. Ivishe nje ndani ili mshono usikae kwenye vidole. Ukishavisha, vuta mbele kidogo na kulainisha kwa kiganja. Mkunjo mmoja chini ya mkanda unatosha kutoa lengelenge kwa usiku mmoja. Siku 2 za kwanza baada ya plasta unaweza kuvisha jozi mbili, kwa kuwa ngozi ni nyepesi mno. Baada ya hapo jozi moja tu. Soksi mbili nene huufanya mguu uteleze ndani ya kiatu, na kuteleza ndiko tunakokukimbia.

Badilisha kila zikilowa jasho au mkojo, hata mara 3 kwa siku wakati wa joto. Kama hujajiamini kuhusu vidole, kata ncha ya soksi siku za mwanzo ili uvione.

Ngozi inayobanduka baada ya plasta

Plasta ya mwisho, ambayo kwa watoto waliokatwa kano ya kisigino na daktari ili kisigino kishuke hukaa wiki 3, ikitoka, ngozi huwa kavu, ya njano au kahawia, yenye magamba na harufu. Inatisha ila ni ngozi iliyokufa tu. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini isiyo na manukato, kitambaa laini, basi. Usisugue wala kubandua kwa kucha; itatoka yenyewe kwa siku kadhaa. Kausha kwa kugandamiza taulo, katikati ya vidole zaidi kuliko kwingine.

Ngozi ikiwa kavu mno, paka mafuta kidogo mwanzoni mwa ile saa moja ya mapumziko, uyafute yaliyobaki kabla ya kuvisha. Chini ya viatu ngozi iwe kavu. Mafuta ya mgando yasipakwe juu ya doa jekundu. Poda pia iache: ikichanganyika na jasho huganda kuwa chembe zinazokwaruza, na vumbi lake si zuri kwa mapafu ya mtoto.

Lengelenge na kidonda

Lengelenge lisilopasuka usilitoboe. Ngozi ya juu ndiyo bandeji bora uliyo nayo. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kausha, kisha weka bandeji ya kubandika ya haidrokoloidi (yenye jeli inayofyonza majimaji) au ya povu jembamba, iliyokatwa izidi lengelenge sentimita 1 hadi 2 kila upande na kuviringwa pembe ili zisinyanyuke. Soksi juu yake, halafu kiatu, kisigino kikiwa chini kabisa. Bandeji isiyoshika ngozi vizuri hujikunja na kuwa tatizo jipya, hivyo ikianza kunyanyuka ibadilishe. Kuitoa, ilowanishe na uivute ikilala sambamba na ngozi, si kwenda juu.

Usijaze pamba au kitambaa kinene pembeni ya doa. Kiatu hakina nafasi, na unachoongeza upande mmoja kinasukuma ngozi ya upande mwingine. Spiriti, dawa ya meno na krimu zenye steroidi ulizoshauriwa na jirani pia hazina kazi hapa. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba zaidi.

Ngozi ikishachanika, yaani unaona nyama au majimaji, vua viatu na uwasiliane na kliniki siku hiyo hiyo. Usikae nyumbani ukisubiri kipone ndipo uvishe. Mguu kifundo hurudi kwa haraka katika umri huu, na kuacha kuvaa viatu ndiyo sababu kubwa ya kurudi kwake. Kliniki inaweza kuweka plasta ya kushikilia mguu kwa muda mfupi kidonda kikipona, au kubadilisha aina ya kiatu.

Kiatu chenyewe

Ndani hukusanya jasho na chumvi. Kiatu cha ngozi kifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wakati mtoto anaoga, kisha kianikwe kivulini penye upepo. Jua kali huikausha ngozi ya kiatu ikawa ngumu na kukata. Pitisha kidole ndani kila wiki ukitafuta mshono uliochomoza, msumari au ukingo uliokwaruzika.

Wakati wa kwenda kliniki

Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi 3 ni ya kwenda hospitali mara moja, kuwe na kidonda au kusiwe. Usaha, harufu mbaya, uvimbe au joto linalosambaa kutoka kwenye doa navyo havisubiri kesho.

Yapo pia yasiyo ya dharura ila yasiyotatuliwa nyumbani. Kisigino kisichoshuka hata goti likiwa limekunjwa na mkanda umekazwa huenda kinaonyesha kwamba mguu haujanyooka vya kutosha au umeanza kurudi. Kuukaza zaidi ni kumuumiza mtoto bure. Mguu mfupi mnene, wenye mkunjo mrefu unaokata wayo na kidole gumba kifupi kilichorudi nyuma, hutoka kwenye viatu vya kawaida kila mara na huhitaji pembe ndogo zaidi pamoja na kiatu chenye umbo tofauti. Doa linalorudi palepale kwa mara ya tatu, licha ya kufuata hatua zote, nalo lipeleke.

Nenda mtoto akiwa amevishwa na wewe mwenyewe kama unavyomvisha kila siku, na soksi unazotumia. Omba uvue na kuvisha tena mbele ya mhudumu. Picha ya doa, iliyopigwa mara tu baada ya kuvua na nyingine nusu saa baadaye, itamsaidia kuliko maelezo marefu.