Mbwa wako muogeshe hivi, na ile sabuni ya unga iache kwa nguo

Wenzangu mnaofuga mbwa naomba tuanze na sabuni maana hapo ndo mbwa wengi wanapoharibiwa ngozi. Mtu anaona mbwa ananuka, anachota sabuni ya unga iliyobaki kwenye kufua, anamsugua pale nje na mpira wa maji, dakika tano kamaliza, baada ya siku kadhaa mbwa anajikuna kuliko mwanzo na ngozi inatoa mba, mwenyewe anadhani ni uchafu kwa hiyo anaongeza kumuosha. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu na asidi yake ni ndogo, yetu pH (kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi inapungua) iko kwenye 5.5 hivi, yake inakaribia 7, sasa sabuni ya unga, ya mche, ya vyombo, zote zinakomba yale mafuta yanayomlinda. Nenda duka la dawa za mifugo uulizie shampuu ya mbwa, na ukiikosa kabisa basi siku hiyo tumia shampuu laini ya watoto wachanga. Mara moja kwa mwezi inamtosha, wa kienyeji mwenye manyoya mafupi hata miezi miwili anafika vizuri tu kama unampiga brashi. Kitoto kisichofika wiki nane usikiogeshe, kifute na kitambaa cha uvuguvugu, kinashikwa na baridi haraka sana.

Muogeshe saa nne au saa tano asubuhi jua likiwa limeshatoka, jioni hapana, atalala mbichi. Kabla ya maji mchane kwanza kwa sababu manyoya yaliyosokotana yakishalowa yanakaza na hayachaniki tena. Hapo hapo mkague, kupe wanapenda ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani na shingoni chini ya ule mkanda. Mshike kupe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta polepole bila kukatisha, na tafadhali mambo ya mafuta ya taa na kiberiti achana nayo, wala usimpasue kwa kucha. Nyayo nazo angalia kama kuna funza, hasa kwa anayelala kwenye vumbi.

Maji yawe ya uvuguvugu, jaribu kwa kiwiko. Mtandikie gunia asiteleze maana mbwa akiteleza anaogopa na akiogopa hamuelewani tena siku hiyo, ongea naye taratibu. Weka pamba kidogo mdomoni mwa sikio, usiisukume ndani, na ukimaliza uitoe. Povu la kwanza lizungushe shingoni kama kola, viroboto wakisikia maji wanakimbilia kichwani kwa hiyo unawazibia njia, afu ndo unashuka mgongoni, tumboni, miguu na mkia. Uso usiumwagie maji, ufute tu kwa kitambaa kibichi. Kama shampuu ni ya dawa soma chupa, nyingi zinataka zikae kama dakika kumi hivi ndo zifanye kazi, ukiisuuza papo hapo umetupa hela. Halafu suuza, ukidhani umemaliza suuza tena, kwapani na tumboni ndo povu linapojificha na ndo wanapoanza kujikuna.

Kukausha watu wanapuuza sana. Mpanguse na taulo hadi kwenye mikunjo na katikati ya vidole, masikio yafute kwa nje. Na hizo taulo na matandiko yake usianike chini au kwenye kivuli kwenye mchanga, kuna inzi anataga mayai kwenye nguo zenye unyevu, mabuu yake yanaingia ngozini na unamkuta mbwa ana majipu yenye kitundu juu, hata wewe unaweza kuyapata. Anika juani kamba ya juu zikauke kabisa, nguo zako wewe piga pasi.

Kucha kata ncha tu, ndani kuna mshipa, kwenye kucha nyeupe unaonekana wa pinki, kwenye nyeusi nenda kidogo kidogo. Damu ikitoka bonyeza na unga wa ngano dakika kadhaa.

Sasa dawa za kupe. Kuoga peke yake hakumalizi kupe, wengine wako kwenye nyufa za banda wanasubiri, kwa hiyo banda nalo lisafishwe. Ila ile dawa ya josho la ng'ombe usimpakie kwa kukadiria na kifuniko, inaweza kumlevya vibaya, muulize daktari wa mifugo vipimo kwa uzito wake. Kama unatumia matone ya shingoni acha siku mbili zipite baada ya kuoga. Na kama nyumbani kuna paka nakuomba uwe makini, dawa za mbwa zenye permethrin (sumu ya wadudu, isome kwenye lebo) zinaweza kuua paka, na ile dawa ya kuua vijidudu ya kahawia inayogeuka nyeupe kwenye maji nayo ni sumu kwake, anailamba yote kwenye manyoya.

Ukimkagua ukaona fizi zimekuwa nyeupe, hali chakula, ana homa au mkojo umekuwa kahawia, usimuogeshe, hayo huenda ni magonjwa yanayoletwa na kupe na mbwa anaweza kufa ndani ya siku chache, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.