Kulala kambini Seronera: mambo ya kuzingatia kabla ya kuondoka nyumbani

Kambi za kawaida za Seronera, katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, hazina uzio. Karibu kila kitakachoelezwa hapa kinatokana na jambo hilo. Baadhi ya kambi zimepewa majina ya wanyama: Pimbi, Nguchiro, Nyani, Tumbili. Wenye majina yao wamo humo mchana kutwa, na usiku hupita fisi, mara nyingine tembo au simba. Kwa kawaida mnyama anayeingia kambini hamfuati mtu. Anafuata harufu ya chakula, maji, au kitu kilichosahauliwa nje. Ndiyo maana usalama wa usiku unaanza siku ya kufungasha mizigo.

Muda na malipo kwanza. Kibali cha kuingia huhesabiwa kwa saa 24 tangu unapopita getini. Ukiingia saa 5 asubuhi kwa usiku mmoja, kesho yake saa 5 uwe umeshatoka, la sivyo utalipia siku nyingine. Ada ya kulala kambini iko peke yake, na fedha taslimu hazipokelewi. Unapewa namba ya malipo. Kamilisha hayo kabla ya safari, maana mtandao ukikatika getini saa zako zinapotea kwenye foleni. Anayetokea Arusha atapita ndani ya eneo la Ngorongoro, lenye mamlaka yake na ada zake. Safari hiyo ni zaidi ya kilometa 300, na kipande kirefu ni barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati. Ondoka alfajiri ili hema liwe limesimama kabla ya saa 12 jioni.

Gari liwe la magurudumu manne yanayovuta yote, na matairi mawili ya akiba, kwa sababu pancha ya pili hutokea kabla ya kumfikia fundi wa kuziba ya kwanza. Beba sepetu, kamba ya kuvutia na kibao kigumu cha kuweka chini ya jeki. Bila kibao, kwenye udongo mweusi wa mbuga jeki inazama yenyewe huku gari likibaki palepale. Jaza mafuta Karatu, au Bunda au Lamadi kwa wanaotokea upande wa ziwa.

Maji yapigiwe hesabu. Lita 4 kwa mtu kwa siku zinatosha kunywa na kupika. Watu wanne kwa siku tatu ni lita 48. Beba madumu matatu ya lita 20, kinachobaki ni cha kunawa. Usitegemee bomba la kambini kwa maji ya kunywa. Madumu yalale ndani ya gari, kwani tembo ananusa maji kutoka mbali na dumu la plastiki si kitu kwake. Kupikia, chukua mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake. Kuokota kuni hifadhini hairuhusiwi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo funga vyakula kwenye makopo yenye vifuniko vya kubana. Makopo hayo yanazuia pia harufu.

Kambi nyingi zina mabanda ya kupikia na kulia yaliyozungushiwa nondo. Pikia humo, ufunge mlango hata ukitoka kwa dakika mbili. Nyani hahitaji zaidi ya hapo kubeba mkate mzima. Ndani ya hema kusiwe na chakula kabisa: si ndizi, si chungwa, si biskuti za mtoto zilizosahaulika kwenye begi. Dawa ya meno na sabuni ya kunukia navyo vilale garini. Viatu viingie ndani ya hema. Fisi hubeba ngozi na kuitafuna.

Hema lenyewe lijaribiwe nyumbani. Lisimamishe uani, limwagie maji ndoo mbili, uone linavuja wapi. Kisha kagua zipu, kwa sababu ndiyo kitasa chako pekee. Vumbi la nyanda za Serengeti ni laini sana, asili yake ni majivu ya volkano, na likiingia kwenye meno ya zipu kichwa chake kinakwama katikati. Beba mswaki mkuukuu mkavu wa kusugulia meno hayo, kisha yapitishie kipande cha mshumaa. Usipake mafuta, yatashika vumbi zaidi. Usiku funga zipu mpaka mwisho hata joto likizidi, na dirisha libaki na wavu wake. Hema lililofungwa, mnyama huliona kama kitu kizima na hulizunguka. Lililoachwa wazi kidogo ndilo linaloingizwa pua.

Mahali pa kulisimamisha, tazama chini kwanza. Kinyesi kibichi na kwato nyingi zilizofuatana ni njia ya wanyama, sogea. Tazama na juu. Mwegea, ambao wengine huuita mvungunya, hudondosha matunda yenye uzito wa kilo kadhaa. Gari liwe hatua chache kutoka mlangoni, na ufunguo wake uwe karibu na mto wa kulalia, kwani honi inasaidia kuliko kupiga kelele.

Haja ndogo ya usiku ifanyikie kwenye chupa au ndoo yenye mfuniko, hasa mkiwa na watoto. Ikibidi kutoka, fungua zipu kidogo, zungusha mwanga wa tochi pande zote taratibu, usikilize. Ukiona macho yanang'aa, rudi ndani usubiri, hata kama unadhani ni swala tu. Ukikutana na simba ukiwa nje, usikimbie. Mtazame, rudi nyuma polepole. Tembo akiingia kambini, kaeni kimya na tochi mzime.

Seronera iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti ni wa baridi. Ardhi hunyonya joto la mwili, kwa hiyo tandika blanketi moja chini ya godoro kabla ya kuongeza la kujifunika.

Nguo ziwe za kaki au rangi ya udongo. Bluu iliyokolea na nyeusi huvuta mbung'o, ambao huuma hata kupitia shati na wanaweza kuambukiza malale. Homa ikikupata baada ya safari, au palipoumwa pakivimba kidonda, mwambie daktari ulikuwa hifadhini, maana kipimo cha malaria peke yake huenda kisionyeshe malale. Dawa ya kukinga malaria izungumzwe na daktari mapema, kwani baadhi huanzwa siku kadhaa kabla ya kusafiri.

Siku ya kuondoka taka zote zirudi garini, pamoja na maganda na mifupa. Hema likunjwe mwisho, na kabla ya kulikunja inua sakafu yake uikung'ute upande wa chini, kwani nge hupenda kujibanza hapo penye ubaridi.