Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwasha Filamu ya Kutisha

Hakuna filamu inayoharibikia mikononi mwa mtazamaji kama ya kutisha. Ya mapigano utaitazama kwenye simu, mchana kweupe, watu wakikatiza mbele yako, na bado utaifurahia. Ya kutisha haivumilii hayo. Nguvu yake imewekwa kwenye giza, kimya na kungoja, na hivyo vitatu ndivyo hutoweka kwanza taa ikiwaka, spika ikiwa duni, au mtu akiuliza "huyu ni nani?" kila baada ya dakika mbili. Wengi wanaosema filamu fulani maarufu haitishi hawakupata nafasi ya kuiona wala kuisikia yote.

Kwanza amua unataka hofu ya namna gani, kwa sababu kushtuka si kuogopa. Mshtuko ni mlio wa ghafla: mwili unaruka kabla akili haijajua kitu, na baada ya sekunde chache umesahau. Hofu hupikwa kwa moto mdogo. Mfano mzuri ni Cat People ya mwaka 1942. Mwanamke anatembea peke yake usiku, nyuma yake kuna hatua za mtu mwingine, kisha zile hatua zinakoma. Anaharakisha, anageuka, haoni kitu. Tunangoja mnyama aruke, na ghafla basi linaingia kwenye picha kwa mlio unaofanana na wa chui. Basi lenyewe ni nusu sekunde tu. Kilichokutoa jasho ni zile hatua, na zaidi ya hatua, ni kukoma kwake. Filamu nyingi za baadaye ziliiga basi zikasahau hatua.

Kwa hiyo, mkiwa kundi la watu wanaopenda kupiga kelele na kushikana mikono, chagueni yenye mishtuko mingi. Ukiwa peke yako au mko wawili wavumilivu, tafuta ile inayokuficha kitu. The Haunting ya 1963 haikuonyeshi zimwi lolote. Ina mlango unaobonyea kwa ndani kana kwamba ukuta unapumua, na hiyo inatosha. Katika Jaws ya 1975 yule papa wa mashine aliwasumbua sana watengenezaji kwa kuharibika baharini, kwa hiyo Steven Spielberg akamwonyesha kidogo. Zaidi ya saa moja inapita kabla ya kumwona vizuri, na katikati yake unatishwa na muziki, na baadaye na mapipa ya manjano anayoyakokota juu ya maji. Kiumbe wa Alien ya 1979 naye yupo kwenye skrini kwa dakika chache tu. Akili yako inajaza zilizobaki, na inajaza kwa kutisha kuliko fundi yeyote wa vinyago.

Ukishachagua, hakikisha mwaka. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalopoteza jioni za watu. The Haunting ya 1999 ni filamu nyingine kabisa, iliyojaa picha za kompyuta zinazokuonyesha kila kitu ambacho ile ya kwanza ilikuficha. Halloween ziko za 1978, 2007 na 2018 kwa jina lilelile. Ringu ya Japani ni ya 1998. The Ring ya Marekani ni ya 2002. Baada ya mwaka, tazama urefu. The Shining ya 1980 ilikatwa kwa soko la Ulaya: toleo la Marekani lina kama dakika 144, la Ulaya lina kama 119. Zaidi ya dakika 20 zikiondolewa kwenye filamu inayotegemea upweke wa jengo kubwa, kinachopungua ni upweke wenyewe. Ukitaka Night of the Living Dead ya 1968, kuwa mwangalifu zaidi. Msambazaji alibadilisha jina la filamu na tamko la hakimiliki likaachwa nje, ikawa mali ya umma ambayo yeyote anaweza kuinakili. Ndiyo maana imejaa nakala chafu, zenye ukungu na sauti ya kukwaruza. Tafuta iliyosafishwa upya.

Sasa skrini. Umbali unaofaa wa kukaa ni kati ya mara 1.2 na 1.6 ya ulalo wa runinga, yaani kona hadi kona. Kwa runinga ya inchi 55 ni kama mita 1.7 hadi 2.2, yaani karibu kuliko walivyozoea wengi. Kisha ingia kwenye mipangilio uzime mambo mawili. La kwanza ni kulainisha mwendo, ambalo kila kampuni hulipatia jina lake. Filamu hupigwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Runinga hubuni nyingine za katikati, na kila kitu kinateleza kama kipindi cha studio. Katika Ringu, mwigizaji wa mzimu alitembea kinyumenyume na picha ikageuzwa, ndiyo maana hatua zake ni za kibinadamu lakini haziko sawa. Ule mkwamo kwenye viungo vyake ndio utamu, na kulainisha kunaufuta. La pili ni kuokoa umeme, kwa kuwa runinga ikihisi chumba kina giza huipunguzia picha mwanga yenyewe.

Mwangaza upime kwa jicho. Simamisha filamu yoyote penye tukio la usiku na mtu aliyevaa nguo nyeusi. Punguza mwangaza hadi mikunjo ya nguo ipotee, kisha ongeza hatua mojamoja mpaka irudi. Acha hapohapo. Ukizidisha, weusi unageuka kijivu na giza linaonekana kama moshi. Ukipunguza, unazika vitu vilivyowekwa humo makusudi. Katika Hereditary ya 2018 kuna tukio ndani ya chumba cha kijana usiku, ambapo umbo limetulia juu ukutani, kwenye kona, bila muziki wowote wa kukuelekeza. Mtu mmoja huliona mapema na kushika pumzi, mwenzake aliye karibu naye bado hajui. Skrini yenye mwanga wa taa juu yake hailionyeshi kamwe. Kwa sababu hiyohiyo, kama intaneti yako inasuasua, pakua filamu mapema kwa ubora wa juu. Picha ikibanwa sana, giza ndilo hupasuka kwanza, linakuwa vipande vya miraba vinavyochezacheza.

Usivute picha ijaze skrini. Halloween ya 1978 ilipigwa kwa upana mkubwa ili John Carpenter amsimamishe muuaji pembeni kabisa, kando ya kitu unachokitazama. Ukikata pembeni, umemkata yeye. Mistari myeusi juu na chini iache, na ile ya kushoto na kulia kwenye The Blair Witch Project ya 1999 pia.

Sauti ndiyo nusu ya kazi, pengine zaidi. Spika ndogo za simu na za runinga nyembamba hazitoi sauti nzito. Paranormal Activity ya 2007 hutumia mngurumo wa chini kabla ya mambo kuanza. Bila sabufa au vipokea sauti vizuri vya masikioni, unabaki ukitazama mlango uliofungwa. Sabufa usiitupe kwenye kona, itavuma hadi ifunike maneno. Zima hali ya usiku na kile kipengele cha kusawazisha sauti, kwani kazi yake ni kuvuta minong'ono juu na kushusha vishindo, na pengo kati ya viwili hivyo ndilo linalokutisha. Ongeza sauti mpaka mazungumzo ya kawaida yasikike vizuri, kisha weka rimoti mbali. Mwenye kidole kwenye kitufe hupunguza palepale anapohisi jambo linakuja, na hivyo hujiharibia mwenyewe. Zima pia feni kama hali ya hewa inaruhusu. A Quiet Place ya 2018 huwezi kuitazama chumba kikiunguruma.

Maandishi ya tafsiri nayo yana mtego. Chagua yale ya mazungumzo pekee, usichukue yale yaliyoandaliwa kwa wasiosikia kama wewe unasikia, kwa sababu huandika "hatua zinasogea" sekunde moja kabla hujazisikia. Nakala yenye sauti ya mfasiri juu yake iepuke kwa aina hii ya filamu. Mfasiri hanyamazi, na kimya kikijazwa hakuna kilichobaki.

Watu wote wawe wamekaa kabla ya kuanza, simu zimezimwa au zimelazwa kifudifudi nje ya macho. Psycho ilipotoka mwaka 1960, Alfred Hitchcock alitaka kumbi zisimruhusu mtu kuingia filamu ikishaanza, na alikuwa na haki. Panga kwenda msalani mapema, hasa kwa filamu inayozidi saa mbili. Trela usitazame siku hiyo, mara nyingi huonyesha kilele.

Uliza pia wenzako, bila aibu, nini hawawezi kukiona: watoto kuumizwa, wanyama kufa, msiba wa familia. Maelezo mafupi ya bodi ya ukadiriaji ya Uingereza husaidia hapa kuliko namba ya umri peke yake. Mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga aangalie onyo la taa zinazomulika kabla hajakubali. Na mtoto asiachwe akilala kwenye kochi chumbani humo. Sauti humfikia usingizini.

Mwisho, usiruke mwanzo wenye majina ya waigizaji. Majina ya Get Out ya 2017 yanakuja juu ya msitu unaopita kasi kando ya barabara na wimbo wa Michael Abels uitwao Sikiliza Kwa Wahenga. Waliokaa kumbini Marekani wengi waliusikia kama mvumo tu wa sauti za ajabu. Wewe tega sikio, maana onyo limetolewa kwa lugha yako.